Binamu Asiyekuja Msibani

Kaka yangu Asajile hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kumsema. Alikuwa na shamba zuri la migomba pale Nkunga, alikuwa na ng'ombe wa maziwa, alikuwa mzee wa kanisa, na mke wake Sekela hakuwahi kulala njaa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: dunia. Asajile aliamini kwamba dunia imetulia tuli, haijasogea hata unyayo tangu Mungu alipoiweka, na mtu akisema inazunguka, basi kaka yangu chakula hakishuki mpaka amjibu. Mjini Tukuyu walimwita Mzee Imetulia. Hata watoto walimsalimia hivyo, naye aliitika bila kinyongo.

Zamani alibishana njiani na shambani tu, na waliochoka tulikuwa sisi ndugu zake. Halafu zikaja zile zama za ruksa. Wewe unayezikumbuka utaniunga mkono: ghafla madukani kila kitu kipo, mitumba imejaa, redio za kaseti zimejaa, vyama vingi, wahubiri wageni na majenereta yao, kila mwenye koo anapanda juu ya benchi. Na Amoni, mtoto pekee wa Asajile, alikuwa fundi redio pale Bulyaga. Akamuungia baba yake maiki na spika ya mdomo mpana kama tarumbeta, vyote vinatumia betri ya gari. Alidhani anamfurahisha mzee. Alimfurahisha kweli, na sisi wengine masikio yakapata kazi.

Kila siku ya soko Asajile alisimama mbele ya duka la Suleimani, fundi cherehani, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani za Wajerumani. Suleimani alimpa nafasi hiyo bure. Mitumba ilikuwa imemnyang'anya wateja, kwa hiyo akaona heri apate walau watazamaji. Alikuwa anakanyaga cherehani yake taratibu huku akimsikiliza rafiki yake na kutikisa kichwa.

“Ndugu zangu,” kaka yangu angeanza, “mimi nimekwenda Kyela, nikaukuta mwezi. Nimekwenda Mbeya mjini, nikaukuta mwezi. Nikarudi Nkunga, tukarudi nao. Sasa niambieni, kitu kinachonifuata mpaka Kyela na kurudi nami kinakuwaje mbali maelfu ya maili? Mwezi uko hapo juu ya mlima Rungwe tu!”

“Enheee!” watu wangeitikia.

“Ziwa Ngozi liko juu ya mlima, wazi kama bakuli. Kama dunia inapinduka kila usiku, mbona maji hayamwagikii viazi vya watu wa Isongole?”

“Yanamwagika, mzee!” jamaa mmoja alipaza sauti siku moja. “Ndiyo hii mvua ya Tukuyu isiyokatika!”

Watu walicheka mpaka Suleimani akaacha cherehani. Asajile naye alicheka, akangoja watulie, akahamia kwenye ndege. Kama dunia ingekuwa inazunguka, rubani anayetoka Dar es Salaam angechoma mafuta ya nini? Angepanda juu tu, akasimama hewani, akanywa chai yake, akangoja Mbeya ipite chini yake ashuke. Halafu mkia. Hapo ndipo alipopenda kuliko pote.

“Wanasema tulikuwa na mkia tukaupoteza. Nani mwenye akili zake angepoteza mkia? Mkono huu jembe, mkono huu mkungu wa ndizi, nzi wako usoni! Ng'ombe hajasoma hata darasa moja, na mkia wake anao!”

Mimi nilikuwa nauza ndizi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hotuba zote nilizisikia, nitake nisitake. Siku nyingine nilicheka, siku nyingine niliona aibu nikajifanya simfahamu. Lakini sitamdhulumu: siku akiwepo, ndizi zangu zilikwisha mapema.

Basi, Amoni akapata mchumba. Aliitwa Atupele, binti wa Andrea wa Isongole, mwalimu katika sekondari mpya ya wazazi. Mimi shangazi mtu ndiye niliyefuatana na mshenga kwenda kuposa, na nilipomwona yule binti alivyonikaribisha, anacheka na macho yake makubwa, nikasema moyoni huyu hatoki mkononi mwetu. Ng'ombe wa kwanza akapelekwa, akapokelewa. Amoni alikuwa anaimba kwenye kibanda chake cha redio mpaka wateja wakamuuliza kama ameokoka.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mkwe si mtu wa mchezo. Mke wa mwanao akikutana nawe njiani anatoka njiani, anachutama, anakupa mgongo na kujifunika kanga mpaka upite. Wewe nawe humtazami, humsemeshi, jina lake hulitaji. Vijana wa mjini wamelegeza mambo hayo, wengine wanakula meza moja na baba mkwe na kupokezana chumvi, lakini Asajile alikuwa wa zamani. Tangu yule ng'ombe alipotoka zizini, hata njia ya Isongole aliacha kuipita, asije akakutana na binti wa watu kwa bahati mbaya. Hakuwa amemwona hata mara moja. Alichojua ni kwamba mkwe wake ni mwalimu. Anafundisha nini, yeye hakuuliza, na sisi nani alitutuma tuseme?

Siku moja ya soko Asajile akapandwa na mori. Wanafunzi walikuwa wamemzomea kidogo, akashika maiki kwa mikono miwili. “Nasema hivi! Jumamosi ijayo aje hapa mwalimu yeyote wa sayansi, yeyote, tubishane mbele ya watu! Akikimbia, basi nyani ni babu yake peke yake!”

Wanafunzi wakaondoka mbio kupeleka habari shuleni. Kabla soko halijafungwa walikuwa wamerudi na jibu, wakamwambia Suleimani, naye akalitangaza kwenye spika kwa raha zote: “Shule imekubali! Anakuja mwalimu wa bayolojia, Atupele binti Andrea wa Isongole!”

Asajile alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikasimama hewani. Akakiweka chini pole pole, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga mtu. Watu wakadhani tumbo.

Mimi nilijua si tumbo. Nikafunga biashara yangu nikamfuata mpaka Nkunga, nikamkuta amekaa uani, Sekela yuko jikoni.

“Ng'ombe arudi,” aliniambia.

“Ng'ombe gani?”

“Wa Isongole. Kesho kutwa namfuata. Siwezi kumpa mwanangu mke anayefundisha watoto kwamba babu yangu aliruka kwenye miti. Na ng'ombe akisharudi, yule si mkwe tena, ni mwalimu tu. Nitasimama naye Jumamosi uso kwa uso.”

Hapo ndipo nilipoona jinsi alivyojifunga mwenyewe. Atupele akiwa mkwe wake, hawezi kumtazama, sembuse kubishana naye. Akitaka kubishana naye, lazima kwanza avunje uchumba wa mwanawe. Na asipotokea Jumamosi, Tukuyu nzima itasema Mzee Imetulia kamkimbia mwanamke.

“Asajile, una akili wewe?” nilimuuliza. “Una mtoto mmoja tu! Unataka aoe spika?”

Amoni alikuwa amefika, amesimama mlangoni na mafuta ya grisi mikononi. “Baba,” alisema, “hiyo spika nilikutengenezea mimi. Ukimrudisha ng'ombe, mimi Tukuyu naihama. Usinitafute.” Alikuwa analia, mwanamume mzima na ndevu zake. Jikoni Sekela aliweka sufuria chini kwa kishindo. Roho iliniuma sana, nikamwambia kaka yangu maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuambiwa, na wala siyajutii.

Aliyetuokoa ni Suleimani. Kesho yake alipanda mwenyewe mpaka Nkunga, akaketi, akanywa maziwa, akafuta mdomo.

“Mzee Asajile, wewe umekatazwa kumwona mkwe wako na kusemezana naye, si ndiyo? Kukaa upande wa pili wa kitambaa hujakatazwa. Mimi nina jora zima la kitambaa cha sare, halina mnunuzi. Tunatundika pazia. Wewe upande huu, yeye upande ule.”

“Na kusema je?”

“Atamnong'oneza dada yako, dada yako atasema kwa sauti. Wewe unabishana na dada yako. Kwani ni jambo jipya?” Akamtazama kwa jicho la utani. “Ingawa mimi nashangaa, Mungu aliyeweza kuiumba dunia anashindwaje kuizungusha?”

“Usianze, Suleimani,” kaka yangu alisema. Kisha akatoa neno lake mbele ya mkewe na mwanawe. “Sawa. Pazia nimelikubali. Lakini nikishinda mbele ya watu, ng'ombe anarudi, maana sitakaa na mkwe niliyemwaibisha hadharani. Nikishindwa nanyamaza, harusi iendelee.” Na Asajile akishasema, alikuwa harudi nyuma. Kama dunia yake, naye hakuwa mtu wa kugeuka.

Shule ilikuwa imemtaja Atupele bila kumuuliza. Nilipomweleza masharti hayo, kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka. “Kwa hiyo shangazi, nikishindwa sina mume?”

“Ndiyo hivyo, mwanangu.”

“Basi acha nijiandae,” alisema, akaenda kuchukua vitabu vyake.

Jumamosi mawingu yalikuwa mazito juu ya Rungwe, lakini Tukuyu hakuna anayehesabu mawingu. Watu walijaa mpaka barabara ikazibika. Nje ya kibaraza cha Suleimani yaliwekwa mabenchi mawili, na katikati pazia la buluu lililopigiliwa misumari kwenye nguzo mbili za mti wa mlingoti. Asajile alisimama juu ya benchi lake na maiki. Upande wa pili Atupele juu ya benchi lake, kanga mabegani, mimi ubavuni kwake nikiwa nimeinua sikio. Suleimani, mwamuzi wetu, alisimama penye ncha ya pazia, akiona pande zote mbili. Amoni alikaa chini karibu na betri, anashika nyaya zisizohitaji kushikwa.

Asajile akafungua na ndege inayosimama hewani ikingoja Mbeya. Atupele akaninong'oneza, nami nikapiga kelele: “Anasema, ukiwa juu ya lori linalokimbia ukarusha ndizi juu, ndizi inakurudia mkononi! Hewa nayo inakwenda pamoja na dunia, na ndege imo humo humo! Na mimi naongeza, ni kweli, maana nimepanda malori ya ndizi mpaka Uyole na nimezirusha!”

“Tulinagwe, usiongeze!” kaka yangu alinguruma.

“Naongeza, kinywa ni changu!”

Watu wakashangilia. Moja kwetu. Likaja Ziwa Ngozi. Atupele akaninong'oneza habari ndefu ya dunia kuvuta vitu vyote kwenda katikati yake, mimi nikaifupisha kwa kadiri nilivyoishika: “Anasema chini ni kila mahali!”

“Chini ni kila mahali?” Asajile alisema polepole kwenye maiki. “Ahaa. Ndiyo maana kila ninapojaribu kuinuka kimaisha najikuta chini!”

Wee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa. Atupele alinifinya mkono. “Shangazi, sikusema hivyo!” Nikamwambia sayansi yake ni ndefu kuliko pumzi yangu, alete nyingine fupi. Akaleta. Nikajaza mapafu.

“Anasema hakuna aliyesema mbega wa Rungwe ni babu yako! Babu si yeye! Mbega ni binamu! Ukoo ulitengana zamani sana, wao wakashika njia yao, sisi yetu!”

  Nikaanza kutabasamu, nikajua tumemshika. Ndipo maiki ikakoroma.

“Binamu,” Asajile alisema. “Vizuri. Nimesikia. Alipokufa baba yetu, mlikuwepo wengi wenu hapa. Walikuja watu wa Kyela. Walikuja watu wa Busokelo. Walivuka mto Songwe wakaja ndugu zetu wa Malawi, kwa miguu, na wazee wao wa mikongojo. Aliyekuwa na ng'ombe alikuja na ng'ombe, asiyekuwa na kitu alikuja na machozi. Mbega wanakaa hapo juu msituni, unakohoa wanasikia. Alikuja nani? Mmoja tu, alikuja nani? Nasema binamu asiyekuja msibani si binamu! Huyo ni jirani mwenye mkia!”

Nyie! Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu walirusha kofia. Wanawake walipiga vigelegele. Hata wanafunzi wa Atupele, wasaliti wale, walikuwa wanagongana mabega kwa kucheka. Maana kwetu unaweza kusamehewa mengi, lakini usipoonekana kwenye msiba wa ndugu, undugu umeisha, hakuna mahakama itakayokutetea.

Nikamgeukia Atupele anipe jibu. Amejiziba mdomo kwa kanga, machozi ya kicheko yanamtoka. “Shangazi, hapo sina jibu,” alisema. “Amenishinda kabisa.” Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Kicheko kikamkatika, akatazama kule aliko Amoni. Amoni alikuwa ameinamisha kichwa kwenye magoti.

“Upande wa mwalimu!” Suleimani aliita. “Jibu!”

Ningesema nini mimi? Nikapiga kelele ya kukata tamaa: “Labda hawakupata taarifa!”

“Ngoma zilisikika mpaka Kyela!” Asajile alijibu, na watu wakaanguka tena. Suleimani akanitazama, akamtazama Atupele, akafungua mikono kuonyesha kwamba hana la kufanya. Akaanza kuinua mkono wake kumtangaza mshindi. Nikawa namchukia kaka yangu na maneno yake matamu, maana hata mimi yalikuwa yamenichekesha.

Upepo ukashuka kutoka mlimani na mvua nyuma yake. Tukuyu haikutishi kwanza, inakumwagia tu. Pazia likavimba, misumari ikang'oka, jora lote likaruka likaangukia wauza nyanya.

Na wale wawili wakabaki juu ya mabenchi, uso kwa uso, hatua chache tu kati yao. Atupele alizungukwa na watu kila upande, hana pa kushukia wala pa kujificha, amekauka pale kwa mshtuko. Bibi mmoja karibu nami alisema, “Mama wee!” akaziba macho yake mwenyewe. Wote tulijua. Kaka yangu alikuwa ameshinda. Asingehitaji kufanya lolote, angesimama tu na kumtazama yule binti machoni kama anavyotazamwa mwalimu yeyote, na uchumba ungekuwa umekwisha hapo hapo, ng'ombe angefuatwa tu kama mzigo uliosahaulika.

Asajile aliitupa maiki. Akajirusha kutoka juu ya benchi kama kijana, akatua kwenye matope kwa magoti, akageukia ukuta wa duka na kuvuta koti lake likamfunika kichwa chote. Mzee wa kanisa, na suruali yake ya Jumapili! Atupele naye akazinduka, akaruka chini, akachutama, akampa mgongo na kujigubika kanga. Mvua ikawapiga wote wawili wakiwa wamepeana migongo, kila mmoja anamficha mwenzake uso.

“Mzee Imetulia kashindwa!” mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

“Sijashindwa!” sauti ilitoka ndani ya koti. “Hamwoni nina mkwe hapa? Mfunikeni basi, analowa!”

Amoni ndiye aliyewahi. Alilivuta lile jora kutoka kwenye nyanya, akalikimbiza, akamfunika mchumba wake, akasimama pale anacheka na kulia. Mimi nilikuwa nalia tu. Suleimani akaokota maiki kwenye matope, akaifuta kwa kanzu yake, akaijaribu kwa kidole. Bado ilikuwa nzima. Akamwinamia rafiki yake pale ukutani.

“Mzee Asajile, watu wanangoja na mvua inawanyeshea. Nitangaze nani kashinda?”

Kaka yangu hakugeuka, na koti hakulitoa kichwani.

“Tangaza harusi,” alisema.